Upande wa Nyuma wa Muhtasari wa Vyoo

Tabitha mwanangu,

Habari za kuchemsha maji, kufunga mlango kwa makomeo mawili na kutokula vya njiani pale Dumila, shangazi yako amekwishakupa, tena kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanjani. Mimi sizirudii. Mtu akifika miaka ishirini na mbili hajui kuchemsha maji, Dodoma haitamfundisha. Wewe umekwenda Kimamba kuaga, baba yako yuko kwa fundi na lile shati lake jeupe, na mimi nimekaa hapa barazani mchana huu kuandika jambo ambalo ningekuambia kwa mdomo kama ningekuwa na mdomo. Wa kusema watu ninao, unaujua vizuri. Wa kujisema mwenyewe sijawahi kuwa nao.

Nianze na yule bwana wa mradi wa kupima mashamba, maana kumdharau yeye ni kazi nyepesi na nataka kalamu ipate moto kwanza.

Unakumbuka alivyokuja hapa mwezi uliopita, miwani ya jua kichwani, jasho mpaka kwenye soksi. "Mama shikamoo. Tabi yupo? Mafaili ya mashamba yamejifuta." Yamejifuta! Mimi nimefanya kazi ya karatasi na sijapata kuona karatasi iliyojifuta. Nimeona watu wanaofuta, halafu wanatoa macho kama mbuzi aliyeona gari. Nilikufuata mpaka kwenye banda lao kwa sababu nilitaka kumwona akiaibika. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi.

Tulimkuta ameinamia mashine, anataka kuingiza programu ya kufufulia mafaili kwenye mashine ileile iliyopoteza mafaili. Ukapiga kelele: "Usiguse! Usiandike kitu chochote humo!" Mtu mzima yule, wala hukumwamkia. Siku nyingine ningekukemea. Siku ile nilifurahi mpaka nikatafuta pa kukaa.

Ukamweleza kama mtu anavyomweleza mtoto wa chekechea. Nayarudia maneno yako kwa sababu hujui yalinifanya nini. Ulisema: "Kaka, hii ni Linux. Ulipoandika amri ya rm hukuchoma kitu. Umetoa majina kwenye orodha na kuiambia mashine kwamba nafasi ile iko wazi. Maandishi yenyewe bado yako palepale. Yatakufa siku mashine itakapoandika kitu kingine juu yake, na hicho ndicho ulichokuwa unataka kufanya sasa hivi."

Akataka kuizima. Ukamshika mkono. "Usizime bado. Programu ya ramani ilikuwa imefunguliwa, sivyo? Basi faili la ramani jina limetoka, lakini bado kuna programu imelishika. Faili likiwa limeshikwa na mtu halifi. Ukizima ndiyo unalimaliza." Ukaandika andika kwenye kile kioo cheusi, ukamtafuta aliyelishika, ukalinakili kutoka mkononi mwake ukaliweka kwenye diski yako. Ndipo ukazima, ukatoa diski ya mashine, ukaifunga kwenye kompyuta yako kwa namna ya kusoma tu, bila kuandika hata nukta. Ukainakili yote nzima nzima, halafu ukafanya kazi kwenye ile nakala. Siku mbili. Mafaili mengine yalirudi bila majina, namba tupu, ukayafungua moja moja. Mengine yalirudi nusu.

Yule bwana akasema, "Duh, dada, wewe mchawi." Mjinga mkubwa. Mambo yote yale mimi niliyajua kabla hujazaliwa, tena bila umeme.

Wewe ulidhani mama yako amekaa kimya kwa sababu haelewi. Nilikuwa naelewa kupita yeyote mle bandani.

Jioni ile ukamsomea baba yako orodha uliyoiokoa. "Baba, Ilundo si ndiko kwa bibi?" Baba yako akasema ndiko. "Mbona imeandikwa kwa jina la huyu wa Mikumi?" Huyu wa Mikumi ni yule mwenye gesti barabarani, mtoto wa marehemu bosi wangu. Ilundo hajapata kuikanyaga, pengine anadhani ni jina la bia. Baba yako akasema, "Laiti pangekuwa na karatasi." Akaangalia wali. Mimi nikasema, nipitishieni mchuzi.

Sasa kikao cha kusikiliza pingamizi za mashamba ni kesho saa nne kule Munisagara. Wewe utakuwa ndani ya basi. Baba yako atasimama mbele ya watu na shati lake jeupe, mikono mitupu, aseme shamba lilikuwa la mama yake, na wale watamwuliza ushahidi uko wapi, mzee. Ushahidi uko ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya vitenge vyangu. Umekuwa humo tangu kabla kaka yako Elia hajazaliwa.

Haya. Nimeliandika. Subiri ninywe maji.

Nilikuwa na miaka ishirini nilipoingia masjala. Ofisi silitaji jina, ilikuwa moja ya zile ofisi zilizozaliwa na Ujamaa na kufa kabla yake. Nilikuwa nimetoka milimani na cheti cha misheni na mwandiko ambao masista na mapadri wa pande zote mbili, wa kwetu na wa Kikatoliki, waliusifu. Hicho ndicho nilichokuwa nacho, mwandiko. Akili ilikuwa bado njiani. Tulikuwa tunaitana ndugu. Ndugu Salome, lete faili. Ndugu Salome, chai. Udugu wenyewe ulikuwa hivyo, mmoja anakaa, mwingine anabeba birika.

Bosi tulimwita Bwana Nidhamu, mgongoni mwake bila shaka. Kila asubuhi alitusimamisha mstari uani atuelezee nidhamu ya kazi, halafu yeye anaingia kwenye Landrova, anatokomea Mikumi mpaka jioni. Alikuwa na kalamu nne kwenye mfuko wa shati. Katika miaka mitatu sikumwona akiandika zaidi ya sahihi. Lakini usidhani ninamlaumu yeye. Kumlaumu Bwana Nidhamu ni kulaumu inzi kwa kupenda uchafu.

Ulikuwa wakati wa operesheni ya kuwashusha watu kutoka milimani waje kukaa pamoja kwenye vijiji vya njia ya reli. Sitakuhadithia malori na nyumba zilizoezuliwa, baba yako amekuhadithia na yeye ndiye aliyelala nje. Mimi nilikuwa upande wa meza. Kabla ya kushushwa, kila kaya iliandikishwa shamba lake la zamani ili walio karibu waendelee kulilima. Mimi ndiye niliyemwandikisha bibi yako Debora. Alikuwa mjane, ameshuka kwa miguu, amefunga kanga kiunoni. Nikaandika: Ilundo, bondeni. Mpaka wa kwanza mkuyu, wa pili jiwe jeusi, wa tatu mfereji wa maji. Migomba kadhaa, magimbi, kahawa kidogo, chemchemi moja. Majirani watatu wakatia sahihi. Yeye hakujua kusoma, kwa hiyo nilimshika dole gumba kwa mkono wangu nikalikandamiza kwenye wino. Lilikuwa na kovu la mundu limelikata katikati. Alama ikatoka kama vidole viwili vidogo.

Akaiangalia sana ile alama. Akaniuliza, "Binti, hii ni mimi?" Nikamwambia ndiyo mama, ni wewe. Akacheka.

Miezi michache baadaye Bwana Nidhamu akaniita. Ilundo, akasema, imechaguliwa kuwa shamba la pamoja, kwa hiyo lile faili lifutwe. Shamba la pamoja huko juu, saa tatu za kupanda kilima, nani angelilima pamoja na nani, nyani? Nilijua. Kila mtu pale ofisini alijua kwamba kaka yake ameshapeleka ng'ombe. Nikasema ndiyo ndugu.

Kufuta faili masjala kulikuwa hivi. Unafungua rejista, lile daftari kubwa lenye majina na namba, unaweka rula, unapiga mstari mwekundu juu ya jina. Basi. Faili lenyewe hulichani. Karatasi zilikuwa adimu kuliko sukari, na amri ilikuwa kila karatasi itumike pande mbili. Kwa hiyo faili lililofutwa lilihamishwa tu kutoka kabatini kwenda kwenye rafu ya chakavu mlangoni, likakaa hapo mpaka mtu akitaka karatasi ya kuandikia. Siku tatu, miezi mitatu, inategemea. Unaona sasa kwa nini ulipomwambia yule bwana kwamba jina limetoka lakini maandishi yako palepale mimi nilitafuta pa kukaa?

Watu wakihadithia mambo kama haya husema mkono ulitetemeka. Uongo mtupu. Mkono wangu haukutetemeka. Mstari ulinyooka, nikaupuliza ukauke, nikaenda kunywa chai. Na mtu yeyote akikwambia alitii amri, usimwamini, hata akiwa mama yako. Mimi sikutii amri. Mimi nilikuwa mvivu wa kuogopa kitu kingine chochote zaidi ya bosi.

Wiki tatu baadaye bibi yako akaja. Amezuiwa kulima, ng'ombe wako kwenye magimbi yake. Nikampa kiti. Sikiliza vizuri hapo, maana kile kiti ndicho kimekuzaa. Hakuna mtu pale ofisini aliyewapa kiti watu wa milimani, walisimama mlangoni kama mizigo. Mimi nikasimama, nikampa changu. "Shikamoo mama, karibu ukae." "Marahaba mwanangu." Nikafungua rejista, nikajifanya natafuta. Nikasema, "Mama, faili lako halionekani."

Kutoka pale alipokaa, ile rafu ya chakavu ilikuwa hatua mbili. Angenyoosha mkono angeligusa. Faili lilikuwa la pili kutoka juu.

Kwa hiyo usinisifu kwa kiti. Nilikitoa ili asisimame karibu na rafu.

Mwezi uliofuata Bwana Nidhamu akaamka na wazo la vyoo. Kikao kikafanyika, nikapiga chapa stensili, tukadurufu. Nakala za wajumbe zikatoka kwenye karatasi mpya. Nakala ya ofisi ikatakiwa itoke kwenye chakavu. Niliingia mwenyewe kwenye rafu, nikachukua karatasi za juu, nikazipanga kwenye mashine, nikazungusha mkono. Zilipotoka upande wa pili ndipo nikageuza nikaona kovu. Muhtasari wa Kikao cha Uchimbaji wa Vyoo, agenda ya tatu, mengineyo, na mgongoni mwake dole la bibi yako. Nikafanya nini? Nikatoboa matundu, nikazifaili chini ya Afya.

Bibi yako akawa anakuja. Kila akishuka na treni kuleta ndizi, anapitia. "Binti, lile faili halijaonekana?" "Bado mama." Akaanza kuja na mwanawe, kijana mrefu asiye na maneno, amebeba kikapu. Huyo ni baba yako. Baada ya mwaka akamwambia, yule binti anayenipa kiti ana adabu, kamwoe. Naye kwa akili zake akaja akanioa. Loo! Mimi nilimdharau tangu siku ile, nikwambie kweli. Nilijiambia, mwanamume anayechaguliwa mke na mama yake kwa sababu ya kiti, huyo hana jicho. Nimemdharau kwa upole wake miaka yote hii, umenisikia mara ngapi nikimwita gogo. Mtu ukimdanganya kila siku na yeye anakula ugali wako anashukuru, unaanza kuona kosa ni lake.

Kisha ofisi ikafungwa. Hakuna aliyeaga, alikuja mtu na lori akabeba meza. Karatasi zote zikauzwa kwa wanawake wa Kimamba wanaofungia karanga. Nilisikia habari asubuhi, nilikuwa na mimba ya Elia. Nikapanda treni. Nikamkuta mama mmoja pale stesheni amekaa na serikali nzima kwenye beseni, anaichanachana na kuiviringa. Nikamwambia nataka karanga zilizofungwa kwa karatasi zile, zile za chapa ya zambarau. Akaniangalia tumbo, akasema hamu za wajawazito hizi! Nikafungua pakiti moja moja. Muhtasari wa vyoo ulikuwa karatasi nne. Nikapata tatu nzima kwenye fungu ambalo hajalichana. Ya nne, yenye mchoro wa shamba, ilikuwa imeshakwenda kwa abiria wa treni ya Dodoma. Nilikula karanga siku ile mpaka nikatapika, wala sikuipata.

Nilirudi nyumbani na zile tatu kifuani. Njia nzima nilikuwa nimeshapanga maneno. Nikafika, bibi yako anachambua mboga uani, akanitazama akasema, "Mwanangu umechoka, kaa." Akanipisha kigoda chake. Nikaingia ndani, nikazificha.

Nikajiambia kesho. Unajua kesho yangu ilivyo, bado sijaifikia.

Na yeye akaendelea kuuliza! Hapo ndipo aliponichosha kabisa. Mimi si karani tena, ofisi imefungwa, mlango una kuku. Yeye, labda mara moja kwa mwezi, tukiwa tumekaa tunapeta mchele, anauliza kwa sauti ileile ya zamani: "Binti, lile faili halijaonekana?" Mke wa mwanawe, mama wa wajukuu zake, ananiita binti. Nilimwambia baba yako mama yako amezeeka, hajui tena niko wapi, anadhani bado niko mezani. Baba yako akasema, mwitikie tu. Nikawa naitikia. "Bado mama." Wiki aliyofariki, wewe unanyonya, aliniuliza, nikamwambia bado mama, akafumba macho akasema, "Haya."

Baada ya mazishi nilijiambia sasa limefungwa, hakuna wa kuuliza tena. Nilipumua. Ndiyo, nilipumua, na wewe mgongoni.

Kule kazini unakokwenda utakuwa umeshika funguo za mashine, na yatakuja mapande ya watu wanaojiita wakubwa. Hawatakuja na rungu, mwanangu. Watakuja na tabasamu na soda ya baridi, waseme lile faili lina makosa madogo, liondoe, tena liondoe vizuri lisirudi. Na wewe unajua namna ya kuliondoa lisirudi, unajua kuandika juu yake mara saba. Nisikudanganye kwamba nina uso wa kukukataza. Nakuambia tu kilichonipata: siku ile haikuwa kubwa. Hakukuwa na radi. Ilikuwa Jumanne tu ya kawaida, na chai ilikuwa na sukari.

Na ukishakosea, maana utakosea, usiweke kitu kingine juu yake. Hilo unalifanya kwa mashine vizuri sana, unapiga kelele, usiguse, usiandike! Mimi niliandika juu yake. Niliandika vyoo, nikaandika ndoa, nikaandika watoto watatu, na kila nilichoandika kilikuwa kizuri chenyewe, ndiyo hila yake. Mwishowe ukitaka kuchimbua cha chini unaogopa kuharibu cha juu.

Hapo ndipo nilipofika baba yako akaingia.

Naandika sehemu hii na wewe tayari uko jikoni, nasikia unavyozungumza na shangazi yako kuhusu sabuni, kwa hiyo naandika upesi.

Aliingia na shati limening'inia kwenye kidole. Akauliza, "Unaandika nini, Mama Elia?" Nikanyanyuka, nikaenda ndani, nikatoa mkebe. Nikauweka mapajani mwake, juu ya shati. Akafungua. Akachukua karatasi ya juu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama anavyosoma gazeti: "Muhtasari wa kikao cha uchimbaji wa vyoo. Waliohudhuria." Akasoma waliohudhuria wote. Nikamwambia, "Geuza."

Akageuza moja, akageuza ya pili. Kwenye ya tatu akaweka kidole chake juu ya lile kovu, akakiacha hapo.

Nilimwambia yote, nimesimama. Rula, rafu, kiti, karanga. Sikulia, nisingejipa starehe hiyo. Nilikuwa namsubiri apige kelele, mara moja tu katika maisha yetu, ningemshukuru.

Akaniuliza, "Uliacha masjala lini?"

"Kabla ya Elia."

"Na mama alikuuliza mara ya mwisho lini?"

"Unajua. Wiki ile."

"Miaka kumi na mbili ulikuwa umeacha kazi." Akavua miwani. "Salome, mama yangu hakujua kusoma. Mjinga hakuwa. Unadhani alikuwa anamwuliza karani?"

Hajaniita Salome tangu siku ya harusi.

Akasema bibi yako aliukuta mkebe mwaka uleule wa karanga, akitafuta kitambaa cha kumfungia Elia. Maandishi hakuyajua, lakini dole lake alilijua. Akaurudisha mahali pake. Akamwambia mwanawe, "Mkeo ana kitu changu. Usimnyang'anye na usimwulize. Mimi nitakuwa namwuliza, atakileta mwenyewe." Alipokuwa anakata roho akamrudia: "Bado hajakileta. Mwache."

"Na wewe ukaniacha," nikasema.

"Nilimwahidi mama."

"Na kesho? Ungesimama pale mikono mitupu wakucheke?"

"Ningesimama," akasema, na najua angesimama. Lile gogo langu. Miaka thelathini na zaidi nimemtazama kutoka juu, kumbe yuko chini amelishika faili mkononi, asiliachie life, na mama yake amelishika kabla yake, na mimi niliyedhani nimelificha peke yangu ndiye pekee niliyekuwa natafuta namna ya kuliachia. Wewe ungelifahamu hilo kwa kutazama mara moja kwenye kioo chako cheusi.

Nikamwuliza kama naweza kwenda naye kesho. Akasema, "Utakwenda, tena wewe ndiye utakayesema, mimi nitashika karatasi. Wakikuuliza nani alipiga mstari, uwaambie." Huyo wa Mikumi atakuwepo, atasikia baba yake alikuwa nani, na watu wote wa Munisagara watasikia mimi ni nani. Sijui kama tutalipata shamba kwa karatasi tatu bila mchoro. Jiwe jeusi liko palepale, mfereji uko palepale, tutaona.

Usikawie kwa ajili yetu. Basi lako ni alfajiri, panda uende. Hii barua nitaitia kwenye mfuko wa kompyuta yako, utaikuta Dodoma, na wakati huo nitakuwa nimeshasema. Ukitaka kunidharau una ruhusa, nimekufundisha mwenyewe namna yake. Ila ukinipigia simu, niulize. Usiniache kama baba yako alivyoniacha. Niulize kila mara.

Baba yako ametoka uani sasa hivi amekung'uta shati upya. Nilimwuliza nibebe nini kesho. Hakunigeukia.

"Beba kiti chako," akasema. "Kule hakuna atakayekupa."

Nimekitoa kile kigoda cha bibi yako, nimekifuta vumbi, kiko hapa mlangoni.

Mama yako,
Salome